Tupeane uzoefu: skuli za Serikali pembezoni mwa mji wa Zanzibar, wingi wa watoto na matokeo yao

Assalamu alaykum. Kila yanapotoka matokeo ya darasa la sita tunazilaumu skuli zetu bila ya kuuliza zinasomesha watoto wangapi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, ya 2022 ikahesabu 893,169, na ongezeko hilo limekuja huku kwetu, palipokuwa mashamba ya minazi na mihogo.

Binti yangu nilimwandikisha karibu na nyumbani, Fuoni, akapangiwa mkondo wa mchana, ambapo watoto wanaingia darasani huku wenzao wa asubuhi ndiyo kwanza wanatoka. Alipofika darasa la tatu niliona kuwa daftari lake la hisabati limesahihishwa mara mbili tu kwa mwezi mzima, nikamwendea mwalimu wake nikiwa nimekasirika. Hakubishana nami; alinionesha marundo matatu ya madaftari yaliyofungwa kwa kamba, ambayo jioni huyapakata kwenye daladala kwenda kuyasahihishia nyumbani. Nilirudi sina la kusema. Waliohamisha watoto na waliowaacha, naomba mtueleze yaliyowafika.

Mzazi, Kinuni: Waalaykumu salaam. Mimi nilimhamishia wangu mjini. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akarudi amechoka hata chuo cha Qur-ani kikamshinda, na usomaji wake wa Kiswahili ulipanda lakini hisabati zilibaki pale pale. Baada ya miaka miwili nilimrejesha, na barua ya uhamisho ilinisumbua zaidi kuliko masomo yenyewe.

Mwalimu mstaafu, Mwera: Ndugu zangu, mimi nimesoma kwa elimu bila malipo iliyotangazwa tarehe 23 Septemba 1964, kwa hiyo wingi wa watoto haunitishi, kwani tuliutaka wenyewe. Kilichokuwa kikinisumbua ni darasa la tano, ambapo kwa Sera ya Elimu ya 2006 hisabati na sayansi zilihamia kwenye Kiingereza. Nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la nne aliyekuwa akinyoosha mkono kabla sijamaliza swali. Mwaka uliofuata alikaa kimya, ingawa hesabu zile zile alizifanya vizuri nilipomuuliza kwa Kiswahili nje ya darasa. Katika darasa dogo mwalimu humwona mtoto kama huyo mapema. Katika darasa lililofurika, mara nyingi huonekana matokeo yakishatoka.

Mama wa watatu, Tomondo: Shikamoo mwalimu. Nakubali, lakini tusiwasafishe walimu wote, kwa sababu mwanangu wa pili alikaa wiki nzima bila ya kipindi cha sayansi na hakuna aliyetueleza kitu. Tulikwenda kina mama wanne kwa mwalimu mkuu, bila ya ugomvi, tukaomba kuoneshwa ratiba. Tangu siku hiyo imebandikwa mlangoni mwa darasa, na kila Ijumaa mmoja wetu hupita kuitazama.