Cheni bloki ya tani 1 kubebeshwa tani 2 kila mwezi, hii ni sawa wakuu?

riga_wa_zamu:
Habari zenu wakuu. Nipo karakana moja tunafunga na kushusha mashine, vifaa vyetu ni cheni bloki (zile za kunyanyulia mzigo kwa kuvuta cheni kwa mkono) za tani 1 na tani 3, shakeli (pingu za chuma za kuunganishia), slingi (kamba za kufungia mzigo) za waya na zile za mkanda. Supavaiza kaleta utaratibu kwamba kila mwisho wa mwezi kila kifaa kinabebeshwa mara mbili ya uzito ulioandikwa, yaani cheni bloki ya tani 1 inaning'inizwa vyuma chakavu vya tani 2, ikishika inapigwa rangi ya kijani na inarudi kazini hakuna anayeikagua tena mpaka mwezi mwingine. Roho haijatulia kabisa maana wanaosimama karibu na huo mzigo ni sisi. Ndivyo inavyotakiwa? Na slingi nazo zinapimwa hivyo hivyo?

mkaguzi_winchi:
Mkuu hilo zoezi lisimame kwanza. Hiyo mara mbili nadhani kaitoa kwenye shakeli na cheni, maana hizo nyingi zikitoka kiwandani zinavutwa mara 2 ya uzito wake wa kazi, lakini ni mara moja, kwenye mashine maalumu ya kuvuta, na baada ya hapo zinakaguliwa. Kwa kreni na cheni bloki kipimo kinachotumika sana ni asilimia 125, kwa hiyo ya tani 1 inabeba tani 1.25 basi, na hiyo hufanyika ikiwa mpya, ikifungwa sehemu nyingine au ikifanyiwa matengenezo makubwa, siyo kila mwezi.

Kinachonitisha zaidi ni kurudia. Kifaa kikiwa na ufa mwembamba kwenye ndoano, ukikizidishia mzigo leo kinaweza kushika, ufa ukaongezeka kidogo, mwezi ujao ukaongezeka tena, halafu kikaachia siku ya kazi ya kawaida kikiwa na nusu ya mzigo wake. Ile rangi ya kijani inakuwa imewadanganya watu wote. Kushika siku ya kipimo kunakwambia habari za siku hiyo tu.

Halafu hivyo vyuma chakavu nani kavipima? Kama hamna kipima mzigo kati ya ndoano na mzigo basi hamjui ni tani 2 au 2.6. Na boriti mliyoning'iniza je, imesanifiwa kwa huo uzito?

fundi_cheni:
Mimi naona tusimlaumu sana supavaiza, angalau anajali, wengi hawapimi kabisa. Bila kuweka mzigo utajuaje breki ya cheni bloki inashika? Kwa macho huioni.

mkaguzi_winchi:
Hapo uko sahihi kaka, breki ndiyo sababu kubwa ya kupima hoisti, yaani vinyanyuzi kama hizo cheni bloki, kwa mzigo, zile sahani za msuguano zikiingia oili zinateleza na kwa nje bloki inaonekana nzima kabisa. Lakini hiyo fanya kwa kiwango chake: inua mzigo sentimita chache tu kutoka chini, weka alama, acha dakika 10 hivi, uone kama umeshuka. Mtu yeyote asiwe chini wala karibu. Mifuko ya maji ni mizuri sana kwa hili, mita moja ya ujazo ni tani 1 na uzito unaongezeka taratibu, mkiona dalili mbaya mnafungulia maji.

mama_sefti:
Naomba nigusie slingi maana hapo ndipo watu wanaumia. Slingi haihitaji kubebeshwa kila mwezi, inahitaji kuangaliwa kila kabla ya kazi. Ya waya hesabu nyuzi zilizokatika: zikifika 10 zilizotawanyika ndani ya msokoto mmoja wa waya (urefu ambao uzi mkuu unazunguka waya mara moja), au 5 kwenye uzi mkuu mmoja ndani ya msokoto huo, itoe. Pia iliyopinda kama kifundo au iliyopondeka, itoe. Ya mkanda angalia mishono, mikato ya pembeni, kuungua, na lebo, isiyo na lebo haitumiki hata kama inang'aa. Zile za rangi kwa mfumo wa Ulaya zambarau ni tani 1, kijani 2, njano 3, lakini mkanda ukipauka rangi inakudanganya, soma lebo.

Na pembe jamani!! Mzigo wa tani 2 kwa slingi ya miguu miwili (pande mbili zinazoshuka kutoka ndoano), miguu ikiwa digrii 60 kutoka usawa wa chini kila mguu unavuta kama tani 1.15, ikiwa 45 ni 1.41, ikilala mpaka 30 kila mguu unabeba tani 2 nzima. Slingi ya tani 1 iliyofaulu kipimo jana inaweza kukatika leo kwa sababu tu ya pembe.

riga_wa_zamu:
Nashukuru sana wakuu, dada asante. Sasa huyu bosi nimwambieje, anataka karatasi, anasema bila kipimo hana cha kuonyesha.

mkaguzi_winchi:
Mwambie karatasi ipo, ila ni ya ukaguzi. Uingereza kwa mfano kanuni zao za kunyanyua mizigo za 1998 zinadai slingi na shakeli zikaguliwe kwa kina na mtu mwenye ujuzi kila miezi 6, hoisti isiyobeba watu kila miezi 12, na yeye mkaguzi ndiye anaamua kama kipimo cha mzigo kinahitajika. Kila kifaa kiwe na namba yake na daftari: lini kilikaguliwa, nani kakagua, kaona nini. Hizo bloki zilizoshabebeshwa mara mbili msizirudishe kazini bado, zifunguliwe, ndoano zisafishwe na zipigwe ile rangi ya kupenyeza inayoonyesha nyufa, mdomo wa ndoano upimwe ulinganishwe na kipimo cha kiwandani, na cheni ipimwe kama imerefuka. Ukishapata majibu weka hapa tuone.