Naomba ushauri: mnara wa tenki na hita ya sola, Njiro

Wakuu, habari za kazi. Najenga mwenyewe hapa Njiro, Arusha, nimefika kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha). Baridi ya huku mwezi wa 6 na wa 7 mnaijua, na naishi na mama mzazi anayeumwa miguu, kwa hiyo maji ya moto kwangu si anasa. Nataka kufunga hita ya sola juu ya bati.

Fundi bomba anataka tenki la lita 1,000 likae kwenye mnara wa mita 3. Nina wasiwasi: mita 1 ya kimo inatoa presha ya kama bari 0.1 tu, na hita itakuwa juu kuliko tenki, kwa hiyo maji hayatapanda yenyewe! Nipandishe mnara au niweke pampu? Waliojenga, nielekezeni kabla sijamwaga zege la nguzo.