Little League World Series: mbona mrushaji anatolewa akiwa bado anang'ara?

Mtazamaji_wa_Besiboli: Wakuu, nafuatilia Little League World Series, mashindano ya besiboli ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania, Marekani. Kocha kamtoa mrushaji aliyekuwa hajaguswa kabisa, mirusho 35 tu, na nasikia kikomo ni 85. Halafu dogo hakutoka uwanjani, kahamishiwa nafasi nyingine. Mantiki yake nini?

Kona_ya_Mrushaji: 85 ni kikomo cha siku kwa wa miaka 11 na 12. Kinachomsumbua kocha ni mapumziko. Mirusho 1 hadi 20, anaweza kurusha kesho yake. 21 hadi 35, siku moja. 36 hadi 50, mbili. 51 hadi 65, tatu. 66 kwenda juu, nne. Zinahesabiwa siku za kalenda, si saa.

Sasa piga hesabu. Fainali ya Marekani na ile ya kimataifa huchezwa Jumamosi, bingwa anapatikana Jumapili. Aliyerusha 35 Alhamisi, Jumamosi yupo. Akifika 36, hadi Jumapili. Huo mrusho mmoja ndio aliokuwa anaukwepa.

Mtazamaji_wa_Besiboli: Na ikifika 35 katikati ya mpigaji?

Kona_ya_Mrushaji: Anaruhusiwa kummalizia. Akianza na mpigaji akiwa na 33 na akamaliza na 39, anapumzika kama mtu wa 35, mradi atolewe kabla ya kumrushia mpigaji mwingine hata mpira mmoja. Makocha wengi huteleza hapo: wanaona wapigaji wawili wametoka, wanatamani wa tatu anayefunga zamu, mapumziko yanaruka daraja.

Refa_Mstaafu: Niongezee. Faulo (mpira uliopigwa ukatoka nje ya mistari) inahesabiwa kama mrusho, mipira ya kupasha moto haihesabiwi, wala kumrushia mwenzake aliye besini (kituo cha mkimbiaji). Kocha akitangaza kumpa mpigaji besi ya bure, hesabu inaongezwa 4 ingawa mpira haukurushwa. Hiyo inasahaulika mno.

Kubaki uwanjani ni halali, ila mlimani (pale anaposimama mrushaji) harudi tena mchezo huo. Na akishavuka 40 hawezi kuwa mdakaji (anayepokea mirusho nyuma ya mpigaji) siku hiyo. Kinyume chake pia: aliyedaka awamu nne (awamu ni kila timu kupiga zamu moja) harushi siku hiyo. Mchezo wenyewe ni awamu sita, kwa hiyo kocha mwenye mdakaji mmoja tu mzuri anabanwa mapema.

Mwekaji hesabu yupo, lakini akikosea msala ni wa kocha. Kila benchi liwe na daftari lake na walinganishe namba kila nusu awamu inapoisha, si mwisho wa mchezo.

Kampala_Dugout: Ndiyo maana kikosi kinahitaji warushaji sita au saba wa kuaminika, si nyota mmoja. Lugazi ya Uganda, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale mwaka 2012, iliifunga timu ya Oregon, Marekani, 3-2. Ukiandaa watoto, wafundishe wote kurusha mpira wa kasi na ule wa polepole. Wa kukunja (curveball, unaopinda hewani) uacheni kwanza.