Gundi ya mbao kwa majahazi madogo: Ponal, Titebond ama Araldite?

Mkomani_Fundi
Assalaam aleikum jamani. Kuna ndugu yangu anaenda Mombasa keshokutwa nataka aniletee gundi ya mbao, hapa Lamu napata aina moja tu na saa nyengine ukifungua mkebe ushaanza kuganda. Natengeneza majahazi madogo ya mapambo, na rafu na viti nikipata kazi. Nimebaki kati ya Ponal, Titebond na Araldite. Ipi bora? Nijibuni mapema tafadhali.

Msaji_Malindi
Waaleikum salaam. Bora kwa mbao gani shekhe? Hujasema mbao, hujasema ukubwa, hujasema kama itaguswa na maji. Na Titebond ziko tatu, ile ya kawaida, II na III, si kitu kimoja. Ukimtuma mtu aseme tu "nipe Titebond" ataletewa yoyote iliyo mbele ya rafu.

BintiWaShela
Mimi natengeneza fremu za picha na vijisanduku, natumia Ponal nyeupe na sijaona sababu ya kuhama. Ikikauka haionekani. Muhimu ile inayochuruzika pembeni uipanguse na kitambaa kibichi papo hapo, ukiiacha ikauke basi vanishi haishiki pale, inabaki baka na lazima urudie msasa mpaka chini.

Kalafati
Kwani jahazi na gundi wapi na wapi? Nendeni Matondoni mkaone. Mbao zinapigwa misumari kwenye mataruma, zile mbavu za ndani, halafu pamba yenye mafuta inashindiliwa kwenye nafasi. Jahazi dogo lifuate kubwa, ama si jahazi ni sanduku lenye tanga.

Mkomani_Fundi
Samahani nilisahau. Ubavu ni mwembe, nachana vibao vyembamba kama milimita 3. Mkuku, yaani mti wa chini kabisa, na mataruma ni msaji, mabaki ninayopata kwa mafundi wa milango. Urefu futi mbili hivi. @Kalafati mzee wangu ubao wa milimita 3 ukipiga msumari unapasuka.

Msaji_Malindi
Sasa tunaongea. Mwembe hauna shida, gundi yoyote inaushika. Shida ni huo msaji, una mafuta ndani yake na gundi ya maji inakaa juujuu tu. Piga randa ama msasa siku ileile ya kugundisha, pangusa kwa asetoni mpaka kitambaa kisitoke na rangi ya hudhurungi, ngoja ikauke kidogo halafu paka gundi hapohapo usingoje kesho maana mafuta yanarudi juu. Na pale ubao wa ubavu unapokutana na mkuku kwa kichwa chake, kichwa kinanyonya gundi yote, paka mara ya kwanza nyepesi, iache inywe, kisha paka tena ndio ubane. Hapo hata Ponal itashika.

Mimi ningechukua Titebond III. Inakupa kama dakika 10 za kupanga kabla haijaanza kushika, II ni kama nusu ya hapo, na kwa joto letu hizo dakika zinapungua zaidi. Vibao vya ubavu vinataka subira, unakunja, unapinda, unarudisha.

Supagluu_Tu
Mnajisumbua. Supagluu, sekunde kumi, kibao kingine. Mimi nafanya hivo na vinauzwa.

BintiWaShela
@Supagluu_Tu na ule ukungu mweupe unaobaki kwenye mbao nyeusi? Hewa yetu ya chumvi na unyevu ndio inauleta kabisa. Tena kikianguka chini kinaachia chote kwa mpigo, gundi ile ni kavu haina mnyumbuko. Na tafadhali msifutie kwa pamba, supagluu ikigusa pamba inachemka na kutoa moshi, inaunguza vidole. Watoto wakae mbali.

Gede_Wood
Ngojeni niwaambie yaliyonikuta ndio mjue gundi si jina tu. Nilipata oda ya majahazi ya kuweka mapokezi kwenye hoteli moja huku upande wa Watamu, kazi nzuri, mwembe mtupu, nikanunua gundi nyeupe ya kupimiwa kwenye duka moja, ile wanamimina kutoka ndoo kubwa hadi kwenye chupa yako. Ilikuwa nyepesi, nikauliza, nikaambiwa ni fresh ndio maana. Nikabana vizuri, nikaacha usiku kucha, nikapiga vanishi, mteja akafurahi. Wakayaweka dirishani kwenye jua la mchana. Haukupita muda napigiwa simu, naenda naona mbao za ubavu zimefunguka kuanzia omo, yaani mbele, moja imejikunja kabisa imetoka nje na vanishi imechanika kwenye mstari. Nikaingiza ncha ya kisu kwenye kiungo, gundi ikatoka kama utando wa maziwa, haikuingia kwenye mbao hata kidogo. Ilikuwa imeongezwa maji. Nikayabeba yote, nikayafungua, nikayarudia kwa gundi ya mkebe uliofungwa, kwa gharama yangu, na mwenye duka akanijibu kwamba hakuna aliyelalamika ila mimi. Tangu hapo sinunui gundi ya kupimiwa kwa mtu yeyote. Mkebe wenye sili, naangalia tarehe, nautikisa.

Na hata gundi nyeupe halali haipendi joto. Kiungo kinachovutwa muda wote, kama ubao uliopindwa kwa nguvu, kwenye jua kinateleza polepole. Pindeni mbao kwa maji ya moto kwanza, ikauke kwenye umbo lake, ndio mgundishe. Gundi isifanye kazi ya kupinda.

Supagluu_Tu
Pole sana ndugu. Lakini hiyo ni gundi feki, si kosa la gundi nyeupe.

Gede_Wood
Ndio nilichosema. Soma tena.

Kalafati
Mtepe, chombo cha wazee wetu, ulishonwa kwa kamba ya nazi, hakuna msumari hakuna gundi, na ulivuka bahari mpaka Unguja. Nendeni makumbusho ya Lamu muangalie ule mfano wake, muone mshono.

Msaji_Malindi
Mzee mtepe ulikuwa unavuja pia, mabaharia walikuwa wakichota maji safari nzima. Kamba zinaoza zinabadilishwa. Tusiwasifu wazee kwa kuficha kazi waliyokuwa nayo.

Kalafati
Kuvuja si aibu. Chombo cha kushonwa kinajinyoosha kwenye mwamba, cha misumari kinavunjika. Ndio maana walikishona.

BintiWaShela
Jamani mtu anataka kununua gundi 😅 @Mkomani_Fundi yanakaa ndani yote?

Mkomani_Fundi
Mengi ndani. Ila moja mteja anataka wanawe walieleshe, wana kibwawa nyumbani kule Shela.

Msaji_Malindi
Sasa hiyo ndiyo ungesema mwanzo! Ponal nyeupe ya kawaida hapo itoe kabisa, maji yanailainisha. Titebond III inavumilia mvua na kulowa, lakini wenyewe watengenezaji wanasema si ya kuzama muda wote wala ya chini ya mstari wa maji. Chini ya maji ni epoksi, gundi ya vitubu viwili vya kuchanganya. Araldite ile ya kukauka polepole, si ya dakika tano, changanya sawa kwa sawa. Usibane mpaka itoke yote, epoksi inataka ibaki kidogo katikati. Halafu ipake rangi ama vanishi nzuri, jua linaiharibu.

Gede_Wood
Hapo nakubaliana, ila Araldite kwa jahazi zima la futi mbili ni ghali, vitubu ni vidogo. Tumia kwenye mkuku na mbao za chini, juu weka nyengine.

Supagluu_Tu
Na ile ya povu, Gorilla? Inashika na unyevu.

Gede_Wood
Kwa ubao wa milimita 3 hapana. Ile inaumuka, inasukuma vibao, asubuhi unakuta ubavu una matuta. Kwa kiti sawa.

Mkomani_Fundi
Ndugu yangu yuko dukani saa hii. Anasema Titebond II ipo, III hakuna, Araldite ziko zote mbili. Nichukue II ama nimwambie atafute duka jengine?

Msaji_Malindi
Atafute. Dakika tano kwa joto la Lamu hazikutoshi.

BintiWaShela
Chukua II na utumie ubao mmoja mmoja, zinatosha sana. Basi la jioni likiondoka utangoja mpaka lini?

Kalafati
Achukue na pamba ya kalafati akiwa huko huko. Hiyo ya kueleshwa ifanywe sawasawa.

Mkomani_Fundi
Simu yake imezima chaji nadhani. Nitawaambia akifika. Na klempu ndogo mnazipata wapi, Malindi zipo? Saa hii nabana kwa mipira ya tyubu ya baiskeli.

Gede_Wood
Mipira ya tyubu usiiache, kwenye ubavu wa mviringo inabana kuliko klempu. Kata vipande vya upana wa kidole. Za chuma mimi nilitoa Mombasa, Malindi sijaziona karibuni, labda @Msaji_Malindi anajua.