Ganzi ya mkono inayoniamsha usiku: tatizo liko shingoni au kiganjani?

Mshonaji wa Morogoro

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu, na kwa wakubwa zangu, shikamooni. Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka 46, na kwa muda mrefu sasa mkono wangu wa kulia umekuwa ukifa ganzi na kuchomachoma kana kwamba siafu wanapita chini ya ngozi. Usiku wa manane ndipo hali huwa mbaya zaidi: naamka, naukung'uta mkono kando ya kitanda, ganzi inapungua, nalala tena. Mchana hunirudia ninaposhika mkasi wa kukatia vitambaa kwa muda, ninaposhikilia bomba ndani ya daladala, na hata ninapoweka simu sikioni. Vidole vinavyosumbua ni gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete. Kidole cha mwisho ni kizima kabisa. Bega na shingo navyo huchoka, hasa nikiwa nimeinamia cherehani tangu asubuhi.

Nilipigwa eksirei ya shingo, nikaambiwa pingili zimeanza kusagika na huenda mshipa wa fahamu umebanwa huko. Nimechomwa sindano za vitamini, nimevaa kola ya shingo, nimekandwa bega kwa maji ya moto, lakini usiku wangu haujabadilika. Daktari wa pili amegusia upasuaji wa kiganja. Mkono huu ndio unaosomesha watoto wangu, kwa hiyo kabla sijakubali kupasuliwa naomba kuelewa ni wapi hasa mshipa umebanwa.

Mtaalamu wa fiziotherapia

Pole sana, dada. Umeeleza vizuri, na maelezo yako yana thamani kuliko ile picha ya shingo, kwa sababu watu wengi waliovuka miaka 40 wana pingili zilizosagika ilhali hawaumwi chochote.

Mishipa ya fahamu ya mkono hutoka kati ya pingili za shingo, hupenya katikati ya misuli ya ubavuni mwa shingo, hupita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, kisha hushuka hadi kwenye vidole, na inaweza kubanwa popote katika safari hiyo. Ikibanwa shingoni, kwa kawaida maumivu hushuka kutoka shingoni unapogeuza kichwa au kukiinamisha nyuma, na wapo wanaopata nafuu wakiweka kiganja juu ya utosi. Ikibanwa chini ya mtulinga, ganzi huja unapoinua mikono, kwa mfano unapoanika nguo. Vidole ulivyotaja, pamoja na kuamka usiku na kukung'uta mkono, vinaelekeza kwenye kifundo cha mkono, ambako mshipa wa kati hupita ndani ya njia nyembamba pamoja na kano tisa za kukunja vidole. Fanya jaribio hili: kunja vifundo vyote viwili, migongo ya viganja igusane, ukae hivyo kwa dakika moja. Ganzi ileile ikija, mwambie daktari. Jaribio hilo peke yake halithibitishi ugonjwa. Kipimo cha kupitisha umeme kwenye mishipa ya fahamu ndicho kinachoonyesha umebanwa wapi na kwa kiasi gani.

Dereva wa lori

Kwangu ilikuwa kinyume: kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Mshipa ulibanwa kwenye kiwiko, kwa kuwa nilizoea kukiegemeza dirishani nikiendesha. Nimeacha kukiegemeza, na usiku nafunga taulo kwenye kiwiko kisikunjike. Nina nafuu kubwa.

Daktari wa wilayani

Mama, kabla ya kisu, naomba upimwe kisukari na tezi ya shingo, kwa sababu magonjwa hayo huchangia mshipa kubanwa kiganjani. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi apimwe pia vitamini B12, maana dawa hiyo huweza kuipunguza mwilini. Sindano za vitamini humsaidia aliyepungukiwa. Haziwezi kuufungua mshipa uliobanwa. Na kwa kuwa ukoma bado upo nchini kwetu, mwenye ganzi ya mkono pamoja na baka la ngozi lisilohisi mguso aende kituo cha afya mapema. Tiba yake hutolewa bure.

Jambo ninalolisisitiza kwa moyo wote ni hili: tazama nyama iliyo chini ya kidole gumba na uilinganishe na ya mkono wa kushoto. Ikiwa imepungua, au vitu vinakuponyoka, usiendelee kungoja, kwani msuli uliokwisha kunyong'onyea huenda usirudi hata baada ya upasuaji. Na yeyote ambaye mikono yote miwili inashindwa kufunga vifungo, miguu inapepesuka, au mkojo unamsumbua, huyo uti wake wa mgongo unaweza kuwa umebanwa, na anapaswa kufika hospitali siku hiyohiyo.

Mwalimu mstaafu

Mwanangu, nilipasuliwa kiganja nikiwa macho, kwa sindano ya ganzi ya sehemu hiyo tu, na nikarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kuamka usiku kulikoma mapema. Nguvu za kukamua nguo zilichelewa kwa miezi, na kovu liliuma nilipoegemea kiganja. Ujiandae kwa hilo na utafute wa kukusaidia kukata vitambaa.

Mshonaji wa Morogoro

Nawashukuru nyote. Nimefanya jaribio la kukunja vifundo na ganzi imekuja kabla dakika haijaisha. Nyama ya chini ya gumba bado imejaa sawa pande zote mbili. Je, ninaweza kuanza na gango la usiku huku nikisubiri vipimo?

Mtaalamu wa fiziotherapia

Ndiyo, anza. Gango liushike mkono ukiwa umenyooka, usikunjwe mbele wala nyuma, nalo lisikubane. Ulivae kila usiku kwa muda wa wiki 6 hivi. Mchana, noa mkasi ili usiukamue kwa nguvu, na pumzisha mkono kabla ganzi haijaanza. Iwapo ganzi itakuwa ya kutwa nzima, au gumba likianza kulegea, usimalize hizo wiki. Rudi kwa yule daktari wa pili mjadiliane kuhusu upasuaji.