Mjadala: Athari ya Mpemba ifundishwe kama ukweli, au kama swali?

Ndugu zangu wa Tanga, naleta hoja kuhusu athari ya Mpemba, yaani kitu cha moto kuganda kabla ya cha baridi. Erasto Mpemba ni wetu kwa kusoma: mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, alitia maziwa ya aiskrimu kwenye friza yangali moto, yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake yaliyokuwa baridi. Alipouliza sababu alichekwa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam, wakachapisha vipimo vyao.

Sasa wapo wanaotaka watoto wafundishwe kwamba maji ya moto huganda upesi kuliko ya baridi, basi. Napinga. Mwaka 2016 wanasayansi Burridge na Linden wa Uingereza walipima upya, hawakuiona athari hiyo. Wakaonyesha pia kuwa kusogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kunaweza kukubadilishia jibu. Kumficha mtoto hilo ni kumdhulumu.

Mwalimu mstaafu, Korogwe: Mwanangu, walimcheka akiwa hai, leo nawe unawaongezea kuni? Watoto wetu wana mwanasayansi gani mwingine wa kwao wanayemjua kwa jina?

Mleta hoja: Shikamoo mwalimu. Simpunguzi hata chembe. Swali lake limeshavuka maji. Mwaka 2020, Kumar na Bechhoefer kule Kanada walishika kishanga cha kioo kisichoonekana kwa macho, wakakisukuma kwa leza kana kwamba kiko kwenye mabonde mawili yenye kilima katikati. Wakirudia mara nyingi, walikuta kilichoanza na joto kubwa hutulia mapema, kwa kuwa katika marudio hayo, tangu mwanzo huwa kimeangukia kila bonde kwa uwiano unaotakiwa. Cha vuguvugu hungoja kuruka kilima.

Mwaka 2024, wanasayansi wa Innsbruck, Austria, wakatumia ioni 12 za kalisiamu, yaani atomi zenye chaji ya umeme. Hapo kipimajoto hakina kazi kabisa: walichopima ni jinsi ulinganifu uliovunjwa (ulinganifu ni hali ya kitu kubaki vilevile hata ukikigeuza) unavyorudi, na uliovunjwa zaidi ukawahi kurudi. Wapo wanaosema jina la Mpemba halistahili pale pasipo na moto wala baridi. Mimi nasema linastahili, maana kinachoulizwa ni kilekile: inakuwaje aliyeanzia mbali amtangulie wa karibu?

Kwa hiyo kidato cha pili wapewe glasi mbili, vipimajoto viwili na friza, waandike hata kipimajoto kilikaa wapi. Mwalimu, hapo Korogwe kuna shule yenye friza ya kuanzia?