Ukomo wa matumizi wa Wizara ya Kilimo ya Uingereza uliongezwaje mwaka 2001?

MwanafunziWaBajeti
Ndugu zangu, ninasoma jinsi Uingereza ilivyokabiliana na ugonjwa wa miguu na midomo, uliothibitishwa tarehe 20 Februari 2001 kwenye machinjio ya Essex na kuendelea hadi mwishoni mwa Septemba. Wizara ya Kilimo, Uvuvi na Chakula ilikuwa na ukomo wa matumizi uliowekwa na Hazina, lakini gharama za serikali zilipita paundi bilioni 3. Je, ukomo ulivunjwa, au upo utaratibu ulioruhusu upandishwe?

MhasibuMstaafu
Haukuvunjwa, ulipandishwa, na jambo hilo huhitaji idhini mbili ambazo wasomaji wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni ya Hazina. Tangu mwaka 1998, kila wizara hupangiwa ukomo wa miaka kadhaa, huku Hazina ikibaki na akiba kwa ajili ya mambo yasiyotabirika, na wizara inayotaka kuchota humo hulazimika kuonyesha kwamba haiwezi kubana matumizi mengine ikajitosheleza. Ya pili ni ya Bunge, kwa sababu ruhusa ya Hazina peke yake haitoi hata paundi moja: lazima yawasilishwe makadirio ya nyongeza na yapigiwe kura. Fedha zikihitajika kabla ya kura hiyo, wizara hukopa kwenye Mfuko wa Dharura, ambao kwa sheria ya mwaka 1974 hauruhusiwi kuzidi asilimia 2 ya fedha zilizoidhinishwa mwaka uliotangulia, kisha hurejesha Bunge likishapitisha.

Zingatia pia tarehe. Mwaka wa fedha wa Uingereza hufungwa 31 Machi, kwa hiyo ugonjwa uliingia zikiwa zimebaki wiki chache tu, na gharama zikagawanyika katika miaka miwili. Mwezi Juni wizara yenyewe ikafutwa, kazi zake zikahamia wizara mpya ya mazingira, chakula na masuala ya vijijini. Anayefuatilia fungu moja tu atapotea njiani.

DaktariWaMifugo
Naomba kuongeza jambo ambalo wahasibu hulipita haraka. Chini ya Sheria ya Afya ya Wanyama ya mwaka 1981, mfugaji ambaye mifugo yake imechinjwa kwa amri ya serikali ana haki ya fidia, na haki hiyo haingoji kuona kama ukomo umefikiwa. Waliuawa wanyama zaidi ya milioni 6: zaidi ya milioni 4 kwa kudhibiti ugonjwa, na waliosalia kwa sababu zuio la kusafirisha mifugo liliwakwamisha mahali pasipo na malisho wala nafasi. Hapo kwenye kundi la pili ndipo serikali ilipokuwa na hiari, na kwa maoni yangu iliitumia vibaya, kwani viwango vya malipo vya mwanzo vilikuwa vikubwa mno, maombi yakafurika, na baadaye vikapunguzwa.

MwanafunziWaBajeti
Nashukuru, wakuu. Umoja wa Ulaya haukurejesha sehemu ya fedha hizo, ili ukomo usipande sana?

MhasibuMstaafu
Kanuni za wakati huo ziliruhusu kurejeshewa asilimia 60 ya gharama zinazokubalika, lakini neno "zinazokubalika" ndilo lenye uzito. Mwezi Machi serikali ilitangaza bei elekezi ili kuharakisha uthamini, na kwa kuwa mfugaji alikuwa huru kumwita mthamini badala yake, bei hizo ziligeuka kuwa kiwango cha chini ambacho hakuna aliyekubali kukishuka. Kamisheni ya Ulaya iliona mifugo mingi imethaminiwa kupita bei ya soko, ikalipa pungufu sana ya kilichoombwa. Isitoshe, marejesho huja baada ya miaka, ilhali mfugaji na mkandarasi wa kuzika mizoga hulipwa sasa, kwa hiyo ukomo ulipaswa kubeba gharama yote bila kutegemea marejesho. Katika makadirio ya nyongeza, tazama kwanza kama ongezeko limetoka kwenye akiba ya Hazina au limehamishwa kutoka mafungu mengine ya wizara hiyohiyo.